Siku Yusta Alipomtangulia Jumlisha

Majani ya viazi vitamu yakipondwa hutoa harufu mbichi, kali kidogo, na mimi nikiinusa tu nimesharudi darasa la tano, Rombo, si mbali na mji wa Mkuu. Tulikuwa tunayaponda pamoja na mkaa ili kuupaka ubao weusi. Mikono ilikuwa haitakati mpaka Jumapili, na mama hakuacha kuniuliza kama nasoma au nachoma mkaa.

Mwalimu wetu wa hesabu aliitwa Agripina. Alitufundisha MAGAZIJUTO, yaani tendo lipi la hesabu litangulie lipi, kwa mchezo wake mwenyewe. Kila timu ilikuwa na watoto watano waliopanga mstari: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kila mmoja alifanya kazi ya jina lake tu, kisha akampa chaki wa nyuma yake. Timu iliyoshindwa ilikwenda mferejini kuchota maji ya kumwagilia miche ya kahawa ya shule. Na ole wao timu ambayo mmoja wao angeruka zamu! Wote watano walikula fimbo. “Asiyengoja zamu atakula jibu bichi,” alikuwa akisema.

Mimi nilikuwa Jumlisha. Nyuma yangu alikuwa Toa, yaani Yusta, msichana mpole aliyekuja kutoka Kahe kukaa kwa shangazi yake. Tulimtania kwamba huko kwao tambarare jua limemkausha ulimi.

Siku moja Mwalimu akaandika: 20 − 8 + 5. Timu ya Deo, wapinzani wetu, ikajumlisha nane na tano, ikatoa kwenye ishirini, ikapata saba. Walikuwa wameshaanza kupiga makofi chaki iliponifikia.

“Usiandike,” Yusta akaninong'oneza. Kabla sijageuka ameshanipokonya chaki. Akatoa nane kwanza, akaandika kumi na mbili, akanirudishia. Nikaongeza tano, ikawa kumi na saba, huku nikiisikia fimbo mgongoni kabla haijafika.

Mwalimu akaichukua kweli. “Yusta, umeruka zamu.”

“Ndiyo, Mwalimu. Lakini shangazi akiwa na ndizi ishirini, akampa jirani nane, halafu akachuma nyingine tano, atabaki na saba kweli? Hizo alizochuma zimekwenda wapi?”

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliutazama ubao, midomo ikihesabu zile ndizi. Kisha akaiweka fimbo mezani.

“Yusta yuko sahihi,” akasema. “Kutoa na kujumlisha ni cheo kimoja. Anayetangulia kushoto ndiye aanze. Mimi ndiye niliyewafundisha vibaya. Nisameheni.”

Deo, ambaye hakukubali kushindwa hata kwa kupiga chafya, akauliza kama sasa timu yake ndiyo iende kuchota maji.

“Hapana. Aliyeshindwa leo ni mimi.”

Akapandisha khanga yake, akachukua ndoo mbili, akashuka mferejini mbele ya shule nzima. Tulijazana madirishani, tukishindwa kujua kama tucheke au tulie.

Jioni ile sifa zote nilizimwaga kwa Yusta, na alizistahili. Lakini leo mimi mwenyewe ni mwalimu. Juzi mtoto alinionyesha kosa langu mbele ya wenzake, nikajikuta namwambia akae chini. Usingizi haukunijia. Ndipo nilipojua kukiri kule kulimgharimu nini Mwalimu Agripina, na kulipokucha nikaenda darasani kumwomba mtoto yule radhi mbele ya wote.