Farasi Mia Tatu wa Bwana Presha

Mume wa dada yangu ni afisa wa vipimo. Kazi yake ni kuingia madukani na buchani na sanduku la mawe ya chuma, kuyapandisha juu ya mizani za watu, na kuwaandikia karatasi wale ambao kilo yao haijatimia. Nimemwona kwa macho yangu akimfungia muuza nyama mmoja mizani yake kwa upungufu wa gramu arobaini. Yule mtu aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka, na shemeji yangu akaendelea kuyapanga mawe yake sandukuni, moja moja, kwa upole wa mtu anayelaza watoto. "Gramu ni gramu," alimwambia, akaondoka.

Mtu huyo huyo alinunua gari dogo jekundu lenye turbo, ile feni inayoipulizia injini hewa, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wanne, na tangu siku hiyo ukweli ukawa mgeni nyumbani kwake. Kila jioni alipofika alibaki ndani ya gari akikanyaga mafuta na kuachia, ili asikie valvu ikipumua, psss, psss. Majirani walidhani ana tairi linalovuja. Mezani hakuwa na habari nyingine: presha ya turbo imepanda, presha imeshuka. Dada yangu ni muuguzi. Siku moja alimwuliza bila kuinua macho kwenye sahani, "Presha ya gari au ya kwako? Maana ya kwako nina kipimo chake ndani." Watoto walicheka, na kuanzia hapo tukamwita Bwana Presha. Hakuchukia. Aliona ni sifa.

Alikuwa kwenye kundi la simu la wenye magari ya namna hiyo, watu wazima wenye kazi zao, na mkubwa wa maneno kati yao alikuwa daktari mmoja wa meno mwenye gari jeusi. Daktari aliandika kwamba amebadilisha pampu ya mafuta. Basi Bwana Presha akakosa usingizi. Akaagiza pampu kubwa zaidi ya ile ya daktari, akatazama video ya dakika kumi na moja, akahitimu.

Jumapili asubuhi alinyanyua kiti cha nyuma, akafungua mfuniko wa tangi, akatoa pampu ya zamani na kuingiza mpya. Nyumba nzima ilinuka petroli. Dada alizima jiko, akawahamishia watoto dukani kwangu, ninakoshona nguo, na tukanywa maji badala ya chai. Adhuhuri Bwana Presha alikuja kunifuata, mikono myeusi, uso unang'aa.

"Shemeji, sasa injini ina nguvu ya farasi mia tatu."

"Umewapimaje?"

"Pampu imeandikwa kwenye boksi."

Mimi ni fundi cherehani, injini naijua kwa sauti tu, lakini sikuhitaji diploma kuona kwamba gari lilikuwa linaumwa. Likisimama lilitoa moshi mweusi, likakohoa na kutetemeka kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Likipandishwa kilima, pale ambapo farasi mia tatu walitakiwa kujitokeza, lilishtuka na kukata pumzi. Bwana Presha alisema hiyo ni nguvu inayotafuta pa kutokea. Baada ya wiki mbili nguvu ilikuwa bado inatafuta, na plagi zimekuwa nyeusi kama masizi, akakubali kulipeleka kwa mtu wa kutyuni, yaani wa kurekebisha injini kwa kompyuta. Akaniomba nimsindikize.

Karakana ile ilikuwa safi kuliko duka langu. Sakafuni walikuwa wamezamisha mapipa mawili ya chuma, gari linapanda juu yake na kukimbia bila kwenda popote, na kompyuta inahesabu nguvu. Mbele kulikuwa na feni kubwa ya kupooza injini. Mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, alikuwa anafunga mikanda ya kushikia magari.

"Dada, fundi mwenyewe yuko wapi?" Bwana Presha aliuliza.

"Umemkuta."

Shemeji alitazama nyuma ya mabega ya yule mama, huenda kuna mwingine. Hakukuwa na mwingine. Akaanza kunieleza mimi shida ya gari, kwa sauti ya kutosha ili yule mama asikie, na mama alisikia, maana alikuwa ameshaweka geji kwenye bomba la mafuta kabla hatujamaliza.

"Pampu nani kafunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Na waya?"

"Waya gani?"

Alivua miwani. Akaeleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Pampu kubwa inasukuma mafuta mengi, na pale injini inapopumzika ziada haipati njia ya kurudi tangini, kwa sababu kidhibiti cha zamani cha presha ya mafuta kina tundu dogo. Ndiyo maana moshi mweusi. Kisha turbo inapoanza kupuliza, pampu inahitaji umeme mwingi, na umeme huo unapita kwenye waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya pampu ndogo. Pampu inachoka pale pale inapohitajika. Hewa inajaa, mafuta yanapungua, moto unapanda.

"Kwenye video hawakusema hivyo," alisema Bwana Presha.

"Basi na gari wangelitengeneza wao."

Tuliliacha siku mbili. Alifunga kidhibiti kipya, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri pamoja na swichi ya rilei na fyuzi yake, halafu akatuita tushuhudie. Gari lilipanda kwenye mapipa, likafungwa mikanda, feni ikawashwa. Alilikimbiza mara ya kwanza, akakatisha katikati, akabonyeza kompyuta, akalikimbiza tena. Kila mara alisoma mchanganyiko wa hewa na mafuta, akasikiliza injini kwa vidude vya masikioni, akarekebisha kidogo. Kuna mahali alirudisha nyuma muda wa cheche kwa sababu alisikia injini inagonga. Mimi sikusikia kitu. Niliipenda kazi yake. Mtu anayetoa nusu inchi kwenye bega na kukuambia sasa vaa, huyo namwelewa.

Mwisho alichapa karatasi. Farasi mia mbili kumi na wanane.

Bwana Presha aliishika kama barua ya msiba. "Mashine yako itakuwa na kasoro."

"Hiyo turbo ni ndogo," mama alisema. "Ukiongeza kupuliza itatoa joto tu. Na nozeli zako zimefika mwisho, hazina mafuta zaidi ya kutoa. Hapa gari lina afya. Usiiguse skrubu hii inayopandisha presha ya turbo."

Njiani tulisimama kwenye taa za barabarani. Hapo alitoa simu, na kabla ya kijani kuwaka alikuwa ameshaandikia kundi: *Imetoka kwa fundi. Mia tatu na tatu.* Nilimwuliza wale watatu wametoka wapi. Alisema namba inayoishia na sifuri haiaminiki.

Wakamwamini, na hilo ndilo lililomponza. Daktari wa meno alifurahi mno, akapendekeza Jumamosi wote wakutane kwa yule yule mama, magari yapimwe moja moja mbele ya wenzao. Kundi zima likaafiki. Ijumaa dada alinipigia kusema mumewe hajala chakula cha mchana na yuko nje, kichwa ndani ya boneti.

Jumamosi alinipitia saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi. Gari kweli lilikuwa kali. Lilinibana kwenye kiti mpaka nikaacha kuzungumza. Kwenye kilima cha mwisho, karakana ikiwa inaonekana na wenzake wamesimama nje na vikombe vyao, alikanyaga mafuta mpaka chini ili wasikie. Walisikia. Kwanza ilikuwa kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria, kisha kishindo kimoja, kisha moshi wa buluu ukafunika kioo cha nyuma. Tuliishia umbali wa kama nyumba kumi. Daktari wa meno na wengine wanne walikuja kutusukuma, kwa adabu kubwa, wakiuma midomo.

Mama alichomeka kompyuta yake kwenye gari na kusoma kilichorekodiwa. "Turbo imepuliza zaidi ya nilivyoiacha. Nani kagusa skrubu?"

Ndipo mume wa dada yangu, ambaye nilimshonea suti ya harusi kwa mikono hii, akageuza kichwa na kusema, "Shemeji alikuwa anaiangalia angalia jana."

Watu wote wakanitazama. Mama akachukua bisibisi, akanipa, akafungua boneti. "Nionyeshe ulipogusa."

Nilitazama ule mlundikano wa mabomba na vyuma. Nikaona mahali pamoja panapofanana na kitu cha kufunguliwa, nikapaelekeza kwa bisibisi.

"Hapo ni maji ya kuoshea kioo," alisema mama.

Daktari wa meno alishindwa kujizuia, akaenda kucheka nyuma ya gari lake. Bwana Presha alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," alisema. "Mizunguko miwili."

"Miwili?"

"Na nusu."

Mama hakumkaripia. Alimwambia akunje mikono ya shati na ashike taa. Injini ilipofunguliwa, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la ukubwa wa harage, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Alimfanya aitie kidole mwenyewe. Gari jeusi la daktari lilipimwa siku hiyo likatoa mia moja tisini na tano, naye alikuwa amewaambia mia mbili themanini, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumcheka, kwa sababu zamu ilikuwa imeshachukuliwa.

Miezi miwili Bwana Presha alikwenda kazini kwa miguu, sanduku la mawe begani. Dada alisema presha yake haijawahi kuwa nzuri hivyo, na safari hii alikuwa ameipima. Gari liliporudi lilikuwa na injini nyingine na farasi mia mbili na tano. Nasikia namba hiyo anaitaja mwenyewe akiulizwa, japo anaitaja haraka.

Radhi hakuniomba mpaka leo. Ila mwezi uliopita, nilipohamisha duka, alikuja bila kuitwa, tukapakia cherehani yangu ya chuma kwenye kiti cha nyuma. Aliendesha polepole mno, akipunguza mwendo kwa kila shimo, na njia nzima alinifundisha kuhusu waya mnene na waya mwembamba, kama vile mimi ndiye niliyefunga ile pampu. Nilimwacha aseme. Mkono wangu mmoja ulikuwa nyuma umeshikilia cherehani isigonge mlango.