Mashine Isiyomhitaji Maximilian

Maximilian hakulala nje ya Ifakara. Hakuwa na hofu ya safari. Alikuwa na kompyuta.

Aliiunda mwenyewe kwa viungo vya kompyuta zilizokufa, akaiweka ndani ya kasha la mbao juu ya kabati la chumbani. Hiyo ndiyo iliyokuwa seva yake. Ndani yake kulikuwa na gemu la kujenga miji, na vijana wa Ifakara, wa Kidatu, hata wa Uchindile wakipata mtandao, waliingia humo kwa simu zao, wakachimba, wakajenga, wakavamiana, wakapatana. Mchana Maximilian aliendesha mashine ya kukoboa mpunga, mtu wa kufokewa katikati ya kelele. Jioni, akiandika neno moja tu kwenye gemu, wote walisimama kulisoma.

Lakini seva ilikuwa na deko kama kitinda mimba. Umeme ukipepesa, inaganda. Joto likizidi, inaganda. Ikishaganda, waliyoyajenga vijana yanapotea, na simu zinaanza: "Bro Max, ngome yangu iko wapi?" Wa kuiamsha alikuwa yeye peke yake.

Ndiyo maana kwa misimu miwili mkewe, Balbina, alihamia shamba bila yeye. Bondeni, mpunga ukianza kutoa masuke, watu huenda kuishi mashambani, wakapanda dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, kufukuza ndege toka alfajiri hadi jua linapozama. Mtu mmoja kwenye dungu ni mateso: ukiwafukuza huku, wanashuka kule.

"Mwaka huu sipandi dungu peke yangu," Balbina alimwambia, akikunja mikeka. "Ndege wakila, wale. Tutakaa wote hapa tuitazame hiyo taa ya seva yako."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomtisha Maximilian.

Kesho yake akaenda kwa Kheri, muuza kompyuta za mitumba karibu na soko.

"Fundi, chukua hii," Kheri alisema, akipangusa vumbi kwenye kasha kubwa la kioo. "Prosesa ya kisasa, memori tele, feni tatu, na taa utadhani harusi."

"Joto lake?"

"Mwenye mbio hakosi jasho, fundi."

Maximilian akatikisa kichwa. Kinu cha kukoboa kikizidishiwa mwendo huvunja mchele na kukata mikanda. Alikwisha kuokota punje hizo sakafuni. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta ndogo ya chuma iliyosahauliwa pembeni, isiyo na feni hata moja, ile inayopoa kwa mwili wake wenyewe.

"Hiyo?" Kheri akacheka. "Hiyo ni ya kuandikia barua za rambirambi."

"Inaganda?"

"Ilikotoka iliwashwa, ikasahauliwa. Haijui kuganda. Ila watu wako wote hawataenea humo. Nusu yao watapanga foleni kama zahanati."

Maximilian akaomba aijaribu. Akaipa kazi nzito, akaiweka mlangoni juani, akakaa mbele yake juu ya ndoo. Kheri akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, akamkuta vilevile.

"Fundi, unanunua kompyuta au unaposa?"

Aliichukua, pamoja na betri ya kuishikilia umeme unapokatika, akahamishia gemu humo. Vijana walilalamika. "Bro Max katurudisha kijijini," mmoja aliandika. Kisha wakazoea foleni, wakanyamaza. Maximilian akazima umeme makusudi, seva haikutikisika. Akaurudisha, haikutikisika. Simu yake ikalala kimya mezani, na kimya hicho kikamkaa kifuani.

"Imepona?" Balbina aliuliza.

"Imepona."

"Basi twende, Baba Getrude."

Wakaenda, mikeka na sufuria juu ya baiskeli mbili. Asubuhi ya kwanza, kabla hajanawa uso, Maximilian alikwisha kugundua kuwa kwenye lile dungu mtandao ulishika kwenye nguzo moja tu. Akaegemea hapo.

"Imeganda?" Balbina akamuuliza.

"Haijaganda."

"Kuna anayekutafuta?"

Akatazama kioo cha simu. Vijana walijaa humo, wanajenga, wanataniana. Hakuna aliyeuliza Bro Max yuko wapi.

"Hakuna."

"Sasa unaangalia nini?"

Hapo ndege wakaja, wingu zima, wakashuka upande wake. Balbina akavuta kamba ya makopo, yakagongana, akapaza sauti upande wa pili. "Upande wako! Baba Getrude, upande wako!"

Maximilian akapiga kelele, bado ameegemea nguzo. Ndege wakainuka, wakazunguka, wakatua palepale.

"Ndege hawamwogopi mtu nusu," Balbina alisema, hakumtazama.

Maximilian akasimama wima, akapiga kelele mpaka koo likawaka. Mkono wa kulia ulivuta kamba ya makopo. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, umeikamata simu.