Siku Nilipochekesha Watu na Reli ya Babu

Ndugu zangu, hii habari ninaisema kichwa kimeinama, na weye unayetaka kucheka, cheka sasa mapema, sababu mbele kule utashindwa.

Ilikuwa siku ya kuondoa kilio cha Muzee Andereya, kumaliza matanga yake, jirani yangu wa hapa Nyamianda, parsele yake na yangu, viwanja vyetu, zinatazamana, muntu aliyekuwa anakuja kukaa kwenye mulango wangu kila magaribi na kakiti kake. Ibada na historia ya marehemu vilipangwa saa nane. Minye nikasema hapana, siwezi kwenda na shati ya mikunjo, acha nipite kwanza Kimanga nichukue ile yenye mistari kwa mupigaji pasi. (Muke wangu aliniuliza: "Papa Neema, nani atatazama shati yako?" Sikumusikia. Ni tabia yangu, naijua.) Kufika kule, mupigaji pasi angali anapuliza makaa. Niliporudi Nyamianda historia ilikuwa imekwisha kusomwa, watu wako na soda mukononi, chakula kinagawiwa, na minye naingia ninanukia sabuni.

Sasa munanijua. Watu wakinyamaza, minye mudomo unaniwasha. Yosua, mutoto mukubwa wa marehemu, akakamata mikro akasema kama kuna jirani mwenye neno la kumukumbuka muzee, karibu. Hata hakumaliza, niko mbele.

Nilitaka tu kuwachangamusha, kweli ya Mungu. Na wakati naingia nilikuwa nimesikia wazee wawili wanaongea juu ya treni ya zamani, ile iliyokuwa inatoka huku inapanda bonde la Ruzizi mpaka Kamaniola, jinsi ilivyoachwa, kisha wazungu wakaleta watu wa kung'oa reli moja moja. Sikujiuliza kwa nini wanaongea treni siku ya kilio. Nikajisemea, aa, hii naiweza!

"Munaona juu ya mulango wangu, pale muzee alipopenda kukaa?" nikaanza. "Ndani ya ile simenti iko reli!"

Wachache wakacheka. Basi nikapanda moto. Nikasimulia jinsi babu yangu Zakaria alivyokuwa mu kikundi cha kung'oa, wanafungua nati, wanabeba reli watu kumi kwa wimbo, wanazipanga karibu ya ziwa zingoje meli, na kila jioni sentineli, mulinzi wa wazungu, anazihesabu. Siku moja mvua ikapiga, sentineli akajificha chini ya mabati, babu na wenzake wakavuta kipande kimoja kifupi wakakizamisha majini, mu matete. Asubuhi hesabu haitimii! Nikamuigiza muzungu anavyopiga kelele, nikamuigiza sentineli anavyohesabu kwa kidole, moja, mbili, anarudia, anatetemeka. Nilimuigiza vizuri, Mungu anisamehe, hata magoti niliyagonganisha.

Watu kimya. Minye nikafikiri mikro imekufa. Nikaigonga, nikapaza sauti: "Wazungu wakamukamata sentineli, babu akangoja mambo yapoe, akatoa reli yake majini, akajenga nyumba!" Muke wangu kule nyuma alikuwa anapunga leso, anapunga, macho yamemutoka, nikadhani ananiambia niko na jasho. Nikajipangusa uso, nikaendelea.

Hapo akaamuka Mama Debora, dada mudogo wa marehemu, aliyekuwa anaishi naye mu parsele ile. Mama mutulivu, hajawahi kugombana na muntu.

"Papa Neema," akauliza, "huyo sentineli alikuwa anaitwa nani?"

"Aa, mama, babu hakutuambia jina."

"Aliitwa Simeoni. Ni baba yangu."

Yosua akanisogelea, akaniambia polepole yale niliyoyakosa saa nane: kwamba Simeoni alipigwa fimbo watoto wake wakitazama, akafungwa, akarudi mugongo umeharibika, akafa akiapa kwamba hakuiba, kwamba Andereya na Debora waliitwa wana wa mwizi wa reli mpaka wakaacha masomo. Muzee aliificha aibu hiyo maisha yote, hata sisi majirani hakutuambia, ila hospitalini alikuwa angali anauliza ni nani alichukua ile reli, na akaomba habari hiyo isomwe siku ya kuondoa kilio chake, labda kuna muntu anajua. Na kila magaribi alikuwa amekaa chini yake! Niliomba ardhi ipasuke inimeze.

Nikapiga magoti. "Mama, nabomoa mulango leo hii, muichukue."

"Chuma nitakifanyia nini?" akasema Mama Debora. "Amuka. Kamata mikro, sema tena tangu mwanzo. Taja jina la babu yako, taja na jina la baba yangu. Na pale ulipomuigiza anatetemeka, usiruke."

Nikasema tena, Zakaria, Simeoni, mvua, matete, yote, shati imenata mugongoni, na nilipofika pale pa kutetemeka sikuhitaji kuigiza. Nilipomaliza, Mama Debora akawageukia watu. "Mumesikia," akasema, basi. Akakaa, akajifunika uso na kitenge, na kilio tulichokuja kuondoa kikaanza upya.

Toka siku ile nimeapa. Nikichelewa kwenye kilio ninakaa nyuma kabisa, namuuliza kwanza wa pembeni wamesema nini, na mikro ikinifikia ninaipitisha mbio mbio. Wenzangu wananitania sana, na wako na haki. Lakini Mama Debora hajanitolea hata neno moja baya. Kila asubuhi ananikuta natoka, anaacha kufagia, ananisalimia: "Papa Neema, umeamuka? Watoto wako wazima?" Minye najibu nikitazama viatu vyangu. Afadhali angenitukana.