Makaruni za Jirani

Jirani yangu hapa Bariadi hataki kusikia mtu akiziita biskuti za nazi. "Makaruni," anasahihisha, vidole vikinata kwa ute wa yai na sukari. Anazioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na kila mara anafunua, anabonyeza moja kwa kidole gumba, ananung'unika: "Bado. Lazima ivutike mdomoni." Fundi bomba aliwahi kusema "kashata", akanyang'anywa sahani.

Jumapili alikuja mama mkwe wake kutoka Zagayu, ambaye tangu harusi hajawahi kumaliza chakula cha mkwewe. Akachukua moja, akatafuna taratibu, macho kayafumba. Akachukua nyingine. Sahani ikabaki nyeupe.

"Matobolwa haya matamu," akasema, kana kwamba amekula viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa. "Viazi vyake ulivianika wapi?"

Nikamsubiri jirani yangu asahihishe. Akajifuta vidole kwenye kanga.

"Hapo juu ya bati, mayu," akasema kwa upole. "Na kesho naanika vingine."