Nilimwagilia Kila Siku, Wallahi

Niseme mapema, usije ukapoteza muda kunitafutia udhuru: mkosaji ni mimi. Mke wangu hakunikosea, jirani hakunichonganisha, na shetani mwacheni apumzike, kazi yote niliifanya mwenyewe. Jina langu silitaji kwa sababu Bagamoyo ni mji mdogo na duka langu la vifaa vya ujenzi linajulikana. Mke wangu nitamwita Mama Nasra, maana kina Mama Nasra hapa mjini wamejaa.

Kwetu sisi ni watu wa duka. Babu aliuza vitambaa, baba akauza mbao na misumari, mimi nikaongeza rangi, mabomba na koki. Udongo kwetu ulikuwa kitu cha kufagia baada ya mteja kuondoka. Kulima tuliwaachia watu wa Miono na Vigwaza, na maneno hayo tuliyasema mbele ya watoto bila kuona haya.

Binti yetu Nasra alipoingia sekondari, mama yake akanijia na birika la chai. Nikajua ana neno.

"Baba Nasra, nataka kusoma."

Nikadhani ni ushonaji, au keki za harusi. Mambo ya kike, nikasema moyoni, na aende.

"Pale chuo cha maendeleo ya wananchi kuna kozi ya kubuni na kutunza bustani," akasema. "Nimeshaulizia."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia ua linaota lenyewe hata nyuma ya choo, halina haja ya mwalimu.

"Na duka nalo lingejiuza lenyewe, baba yako asingekufundisha," akanijibu, akachukua birika lake akaenda zake.

Sikumkataza. Mwanamume wa mjini siku hizi hakatazi, anadharau. Ni kazi nyepesi zaidi na watu wanakuona muungwana.

Jioni pale barazani tunaponywa kahawa nikawa na habari mpya kila siku. Leo mke wangu kasomea samadi. Leo kafundishwa kushika mkasi. Wenzangu wakampa jina, Shamba Boi, nami nikalipokea jina hilo kwa mke wangu wa ndoa na kulicheka kuliko wao. Nikawasimulia na darasa lake: kijana aliyefeli kidato cha nne, askari mstaafu asiyejua afanye nini na asubuhi zake, na mama mmoja wa Vigwaza mnene hasa, ambaye nikisema habari zake nilikuwa napanua mikono yote miwili. Nililiita darasa la waliokosa pa kwenda.

Usiku anatandaza karatasi kubwa kwenye meza ya chakula, anachora miduara. Kila mduara ni mti ukiutazama kutoka juu. Nikamuuliza kama ni mayai. Akasema, "Huu ni mlangilangi, huu ni mpera," akaendelea kuchora. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi, kwamba maneno yangu yalimpita kama inzi.

Mtihani wao wa mwisho si wa kukaa na kalamu. Kila mmoja anatengeneza bustani ya kweli, anaitunza wakati wa kiangazi, kisha walimu wanakuja kuikagua ikiwa hai. Mama Nasra akaniomba kiwanja kidogo kilichopo ubavuni mwa duka, nilipokuwa nimetupa mabati mabovu. Nikampa, nikamwambia akimaliza anirudishie mabati yangu.

Aliifanya. Alichimba mwenyewe, alibeba mwenyewe, viganja vikamchubuka. Akaweka njia ya kokoto, nyasi, mawaridi, asumini kwenye ukuta, mrehani ukingoni ili ukipita uguse nguo unukie. Pembeni akapanda bugenvilia. Sasa naweza kusema ilikuwa nzuri. Wakati ule ulimi wangu haukuwa na neno hilo.

Wateja wakaanza kukaa pale wakisubiri mizigo yao. Mabibi wakaomba asumini za kutunga. Mzee mmoja anayenunua kwetu tangu enzi za baba alisimama pale, akavuta pumzi, akaniambia, "Mwanangu, duka lako limependeza." Nilikuwa nimetoka kupaka rangi mbele yote ya duka na hakuiona. Wewe unaweza kuniambia ulikuwa wivu. Usijisumbue, nakuambia mwenyewe: ulikuwa wivu, na wa kijinga, wa mwanamume mzima anayeshindana na mrehani.

Ukaguzi ulipokaribia, darasa lao likapelekwa wiki moja kwenye kitalu kikubwa cha miche upande wa Chalinze. Ilikuwa lazima aende. Sasa uelewe nyumba yetu, iliyo nyuma ya duka, ina maji ya namna mbili. Kuna maji ya bomba, yanayokuja yanapotaka, tunayahifadhi kwenye tangi. Na kuna kisima cha uani, cha zamani, maji yake ya chumvi. Hayo tunaoshea sakafu na choo, basi.

Kabla ya kuondoka alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye koki, kama mtoto.

"Maji ya tangi, Baba Nasra. Ya kisima hapana, hata kidogo. Na mwagilia jioni, jua likishashuka. Ni wiki moja tu, nakuomba."

Nikamwambia aende, asinifundishe koki mimi ninayeziuza.

Wiki hiyo bomba likakatika. Tangi likawa nusu. Mimi maji ya tangi nayapenda kwa kuoga na kwa chai yangu. Nikatazama tangi, nikatazama maua. Nikachukua mpira, nikaufunga kwenye pampu ya kisima, nikamwagilia adhuhuri jua la utosi, maana jioni ni wakati wa kahawa na sikutaka kukosa baraza kwa ajili ya majani.

Rafiki yangu mmoja alikuwa anapita. Akauliza, "Si ya chumvi hayo?"

"Maji ni maji," nikamwambia. "Kwani ua lina ulimi?"

Akacheka, akaenda kuwapelekea wengine. Jioni nilipofika barazani neno lilikuwa limeshafika kabla yangu, na nikapigiwa makofi. Watu wazima sita, ndevu zina mvi, wanampigia makofi mtu anayeua kazi ya mkewe. Nami nikawainamia kichwa kama nimeshinda kitu.

Usinionee huruma ukasema hakujua. Nilijua. Mawaridi yalipoanza kujikunja kingo na kuwa kahawia, nilijua. Mrehani ulipolala chini, nilijua. Nyasi zikawa rangi ya ufagio mkuukuu na bado kesho yake nikafungua pampu ile ile. Nilikuwa nikijiambia kwamba nimeagizwa kumwagilia na ninamwagilia.

Alirudi Ijumaa alasiri. Alisimama kwenye njia yake ya kokoto na begi begani. Iliyobaki na rangi ni bugenvilia peke yake.

"Jua lilikuwa kali," nikasema. "Lakini nilimwagilia kila siku, wallahi."

Hapo ndipo penyewe. Wallahi! Kila neno katika kiapo kile lilikuwa la kweli na chote kilikuwa uongo. Nilimtaja Mwenyezi Mungu nikamfanya shahidi wa mpira na pampu. Nimefanya madhambi mengine, lakini hili ndilo linaloniamsha.

Yeye akaweka begi chini. Alichuchumaa, akachota udongo kidogo kwa ncha ya kidole, akauweka kwenye ulimi. Kisha akainuka, akafuta mkono kwenye kanga, akasema, "Ahsante kwa kumwagilia," akaingia ndani kuswali.

Na unajua mimi nilikwenda kusema nini barazani? Kwamba mke wangu karudi kutoka Chalinze anakula udongo, bila shaka ana mimba. Nikapongezwa. Nikapokea pongezi.

Walimu walikuja wiki iliyofuata, mwanamke na mwanamume. Nikatoka mlangoni kutazama, sikutaka kupitwa. Mama Nasra alikuwa amevaa baibui lake jipya, kalamu mkononi, amesimama katikati ya maiti zile. Yule mwalimu wa kike akagusa udongo, akaona weupe uliokauka juu yake, akageuka.

"Umwagiliaji wa hapa alikuwa anausimamia nani?"

Mama Nasra akanitazama. Hakunikunjia uso wala hakunilaumu. Alinipisha tu, kama unavyompisha mtu mlangoni atangulie. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Nikatoa simu mfukoni nikaanza kuisoma, na haikuwa na ujumbe wowote.

"Ni mimi, mwalimu," akasema. "Kosa ni langu."

Akafelishwa, arudie vitendo mwaka unaofuata. Kulikuwa na hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa ikimsubiri amalize imwajiri. Haikusubiri.

Mimi nikafurahi, ndiyo, andika hivyo hivyo. Nikadhani sasa atarudi jikoni na birika lake, na mabati yangu yatarudi mahali pake.

Hakurudi. Mwaka uliofuata akatengeneza bustani nyingine, nyumbani kwa yule mama wa Vigwaza niliyekuwa nikimpanulia mikono. Alikuwa akitoka alfajiri na mabasi mawili, anarudi magharibi na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuniomba nauli wala hakuniomba nimsindikize. Siku ya mahafali alikwenda na Nasra. Mimi nilijua mahafali yamepita nilipoona cheti ukutani chumbani kwa binti. Siku hizi anatunza bustani za nyumba za wageni kuanzia hapa mpaka kule Bunju, na ana vijana anaowalipa. Watu wananipa mkono dukani, hongera mzee, mkeo hodari. Nasema ahsante. Ni jambo la aibu kupokea hongera ya kitu ulichokiua kikakataa kufa.

Siku moja mteja akaniuliza kama koki niliyomuuzia haitavuja. Nikafungua mdomo niape kama ninavyoapa siku zote, nikaikumbuka wallahi ile. Nikamwambia tu, sijui, jaribu. Akaiacha koki mezani. Usiku ule nikamwambia Mama Nasra kila kitu: kisima, adhuhuri, barazani, mimba.

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Chumvi haifichiki."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Nilikungoja mbele ya walimu. Nikakungoja mwaka mzima."

"Basi leo nimesema. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba Nasra. Ahsante kwa kusema."

Nikalala usingizi mnono, mpumbavu mimi. Nikajiona nimefuta deni. Kesho yake nikamnunulia doti ya kanga, ya bei, nikachagua yenye jina zuri. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Amempa dada yake.

Miezi michache baadaye hospitali wakamwambia ana presha, na si ya kuchezea. Alianguka mara moja kazini. Nikamwita Nasra, sasa ni msichana mkubwa, nikamkalisha. Nikasema yale baba anayosema. Usiwe na wasiwasi mwanangu, nipo, mama yako nitamwangalia mimi mwenyewe.

Nasra akatazama chini. Mtoto wetu ana adabu, ana shikamoo ya kila saa, hajapata kunivunjia heshima.

"Baba, naomba radhi. Mama ameshaniusia."

"Amekuusia nini?"

"Kwamba akianguka akawa hajiwezi, hasemi, nimpeleke Pangani kwa mama mkubwa siku hiyo hiyo. Asibaki hapa na wewe."

Nikamuuliza kwa sababu gani, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Alisema hivi: 'Baba yako ukimwachia kitu kisichoweza kusema, atakitazama kinakauka, halafu ataapa.'"

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Mama Nasra ananipikia, ananisalimia, ananiuliza hali ya duka. Nikikohoa analeta tangawizi. Hakuna mtu mtaani anayejua kwamba mke wangu ananiogopa, na mimi sijawahi kumpiga hata kibao.

Wewe unayecheka kazi ya mwenzio kwa sababu ni majani, au mishono, au kuku, cheka, mdomo ni wako, na wa kukupigia makofi utawapata, wapo wengi na hawana kazi. Lakini akikuachia hiyo kazi yake mkononi, ishike vizuri. Na ukiiharibu, sema siku hiyo hiyo, papo hapo, hata kama mbele za watu. Usingoje mpaka dhamira yako ipate nafasi. Ukichelewa utasamehewa, tena utaambiwa ahsante. Lakini mgonjwa hutaachiwa.