Haidrenjia za Mama Mkwe na Chokaa ya Baba

Mama mkwe wangu anaotesha maua nyuma ya nyumba yetu. Anayoyapenda kuliko yote ni haidrenjia, ua bonge kama kichwa cha mwanangu, na za kwake siku zote ni bluu. Fundi cherehani wa mtaani alipoagiza vichwa arobaini vya bluu kwa harusi yake mwenyewe, mama alitembea siku nzima kama hagusi chini. Hajawahi kupamba harusi. Hii ikienda vizuri, alisema, ataachana na kuuza mche mmoja mmoja getini.

Alhamisi ya wiki ya harusi, asubuhi, nikiwa na mtoto mgongoni, nikamsikia.

"Mwanangu, hebu njoo. Ni haya maua au ni macho yangu?"

Mstari wa karibu na ukuta ulikuwa umefunguka pinki. Wa katikati, zambarau. Wa mwisho tu ndio bluu.

Baba mkwe akatoka na kikombe cha chai. Akatazama maua, akatazama ukuta, akaanza kurudi ndani kinyumenyume. Ni yeye aliyeupaka chokaa kabla ya mvua, kitalu kipendeze. Mvua ikaiosha chokaa hadi mizizini, na haidrenjia ikionja chokaa, bluu inaiaga.

"Mzee, simama hapo hapo."

"Nimesimama, mke wangu. Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza."

Nikacheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua anacheka nini. Mama alijitahidi kununa, kicheko kikamtoka puani, akashikwa na kwikwi. Lakini hakutaka kuficha. Akanituma nimwite bi harusi.

Fundi alikuja na futi yake shingoni. Akaupita mstari wa bluu, wa zambarau, wa pinki, akarudi tena. Mama alikuwa amenishika mkono, kwikwi haijaisha.

"Mmeyapaka rangi?"

"Yamelishwa," alisema baba kutoka dirishani.

"Mama, kitambaa chenye rangi zinazofifia moja hadi nyingine hivi nimekitafuta miaka. Yapange hivi hivi. Bluu mlangoni, pinki nitakapokaa."

Jumamosi tulibeba mabeseni manne ya maua. Kabla keki haijakatwa, mgeni mmoja akamshika mama mkono: anamwoza binti yake mwakani, anataka zambarau tupu. Mama akaitikia kabla hajafikiri.

Njiani kurudi akamgeukia baba, sauti ya asali.

"Mume wangu, ukuta ule ulipaka chokaa mara ngapi hata mstari wa katikati ukatoka zambarau?"

Baba akasema amesahau.