Bega la Njue

Idrisi, mchinjaji wa mtaa wa Waislamu mjini Embu, aliujua wengu wa ng'ombe kwa kuugusa tu. Akiukuta umevimba, dalili ya kimeta, mnyama mzima alifukiwa, hata kama wateja wamekwisha kujipanga. Wengu wa mtu hakuwahi kuufikiria.

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, mchukuzi wake Njue alirudi kutoka kwao Mbeere na homa ya malaria. Alimeza kwinini, homa ikashuka, akarejea kazini akilalamika kwamba bega la kushoto linamuuma. Sasa, ni mchukuzi gani wa nyama asiyeumwa bega? Idrisi alimkanda kwa mafuta ya kondoo, akamtania kuwa mke mpya amemlegeza, kisha akamtwika paja jingine la ng'ombe.

Adhuhuri ya siku ya pili Njue aliketi ghafla kando ya gogo la kukatia nyama, jasho baridi likimtoka, midomo imempauka. Idrisi alimgusa tumbo upande wa kushoto. Lilikuwa gumu kama ubao. Akamlaza kwenye mkokoteni wa nyama, akausukuma mwenyewe kuelekea hospitali.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alitaka barua ya kumruhusu Njue kutoka mtaani. Haikuwapo.

"Amelewa huyo," askari akasema. "Mrudishe na nyama zako."

"Nyama ndiyo kazi yangu, afande, naijua. Huyu bado ni mtu. Nizuie mimi, yeye apite."

Askari aliitazama midomo ile, akainua mti wa kizuizi. Kitambulisho cha Idrisi akabaki nacho.

Hospitalini, mganga msaidizi Rwamba alieleza kwamba malaria ilikuwa imeuvimbisha wengu hadi ukapasuka, jambo la nadra. Damu ikivuja tumboni, alisema, maumivu huweza kupanda hadi bega la kushoto. Idrisi alivitazama viganja vyake. Bado vilinuka mafuta ya kondoo.

Walimpasua Njue, wakautoa wengu. Siku ya nne ndipo alipoweza kuzungumza.

"Mzee, wengu wangu ulikuwa ratili ngapi?"

Idrisi hakucheka. "Nilikutwika paja ukiwa unakufa."

"Hukujua, mzee."

"Nilijua umetoka kwenye homa."

Njue akafumba macho. Hakubisha.